Saa Sabini na Mbili

Kwanza hesabu ya watu.
Kinu kina ghorofa sita, wafanyakazi kumi na tisa,
na paka mmoja asiye kwenye orodha.
Nimemtafuta tangu asubuhi nyuma ya machekeche,
ndani ya gunia la pumba alilozoea kuzalia.
Sitii sahihi mpaka nimwone nje,
juu ya ukuta, akijilamba kama mwenye hati ya nyumba.

Hapa ni Manitoba, Septemba inaishia.
Ngano imevunwa, uwanda umebaki mabua
mpaka macho yachoke.
Kornelius Reimer, aliyestaafu bila kuiarifu miguu yake,
huja kila ninapofunga kinu,
husimama langoni, husema lile lile:
"Zamani tulimwachia Januari."
Walifungua madirisha yote, walimwaga maji ya mabomba
yasigande yakayapasua,
wakaenda zao kanisani,
na baridi ikapanda ngazi peke yake
ikimgusa kila mdudu begani.
"Haikuwa na leseni," husema. "Wala haikuleta ankara."

Mimi nina leseni. Nina ankara.
Nina utepe mita mia nne, na gundi inayong'ang'ania nywele.
Pete ya ndoa nimeiacha garini, kwenye kisahani cha majivu,
maana gesi hii haina adabu kwa dhahabu,
na shaba huila hadi iwe nyeusi kama jino bovu.
Swichi zote nimezivika mifuko.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema,
ila huyu hata nguo haitaki.
Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai moja,
huziba tundu kwa ute wake, kazi safi kuliko yangu,
na mtoto huila nyumba kutoka ndani
mpaka zibaki kuta.
Ukiishika punje hiyo, ni ngano.
Ukiipima, ni ngano nyepesi kidogo.
Haba na haba: methali hiyo nao wanayo.

Jioni nikatandaza vidonge,
vya kijivu, vinyonge, kama peremende za mfukoni mwa bibi.
Havihitaji kiberiti. Vinangoja unyevu wa hewa tu.
Nikashuka kinyumenyume, sita, tano, nne,
kama mpiga deki anayeyakimbia maji yake.
Kufuli. Bango lenye fuvu.
Saa sabini na mbili zikaanza.

Usiku wa pili nikanusa kitunguu saumu.
Kipima gesi kilisema sifuri. Pua ilisema kimbia.
Nikaitii pua, nikakimbia kukabili upepo
hadi nikamgonga Kornelius
kwenye kiti cha kukunja, gizani, soseji mkononi.
Tukacheka mpaka akakohoa.
Halafu hakucheka tena.

"Mwaka wa sitini na moja," akasema,
"hawakuhesabu watu. Walihesabu makoti misumarini.
Misumari ikawa mitupu, wakafunga mlango.
Siku ile ndugu yangu Jasch
alikuja kazini bila koti."

Akanikatia kipande cha soseji kwa kisu cha mfukoni.
Nikala. Sikumwambia kitu.
Juu yetu madirisha sita kwa sita,
kila moja na utepe wangu wenye umbo la msalaba
ambao mpaka usiku ule niliuona utepe tu.

Siku ya nne feni zikavuta, kipima kikashuka, nikafungua.
Tulifagia kilo moja na robo ya wadudu,
wekundu wa kahawia, wakavu, wenye mlio wa mchanga.
Paka alipita katikati yao bila kunusa.
Kornelius aliwahesabu watu wakiingia,
kwa sauti, kwa Kijerumani cha nyumbani kwao,
akafika kumi na tisa, akaondoka.

Nyumbani nilifunua kopo la unga
nondo mdogo akaruka usoni pangu.
Nikamfungulia dirisha.
Nikachekecha, nikatia chumvi, nikakanda.