Nyuzi Tisini na Sita

Ndanu, umeniwekea fomu ya chuo mezani
kando ya sufuria ya githeri.
Nafasi ya kwanza umeandika udaktari, kwa hamu ya babako.
Ya pili iko wazi, na kalamu inaielea.
Unauliza: Shangazi, hii kazi yako ya kukanda watu
ina ushahidi, au ni mikono tu na maneno matamu?

Nimecheka, ila swali lako si la kuchekwa.
Kaa. Umeme wa Umoja bado upo.

Nianze na aibu yangu.
Miaka sita nilikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti,
nyeupe, ikinguruma kama paka aliyeshiba.
Niliwapaka wagonjwa jeli baridi mgongoni,
wakafumba macho, wakasema, Asante dada, imeingia.
Kisha nikasoma: watu waligawanywa kwa kura,
wengine mashine inawaka, wengine imezimwa kisirisiri,
hata aliyeishika hakujua ipi ni ipi.
Wiki zikapita. Maumivu ya hawa na ya wale
hayakupishana kwa kiasi cha kutajika.
Nilikaa na makala ile kama aliyeletewa talaka.
Asubuhi nikaichomoa kwenye soketi.
Bi Kerubo wa Donholm alinuna,
akahamia kliniki ya ng'ambo, ambako inanguruma hadi leo.

Ushahidi ndio huo. Hauji kukusifu.
Huja kwanza kukunyang'anya kitu.

Lisemwalo lipo, ndivyo tulivyolelewa.
Siku hizi nauliza: limepimwa?
Kwa watu wangapi? Na waliokata tamaa katikati,
walihesabiwa?

Sasa sikia kilichobaki.
Kikavu, hakina jeli wala ngurumo: mwendo.
Mgongo ulioambiwa ulale tu
huchelewa kuliko ule ulioinuka kuteka maji.
Mkono wa kiharusi, ukirudia kushika kikombe
mara mia, na kesho mara mia,
ubongo huanza kutafuta kichochoro kingine
kama wachuuzi wa Gikomba baada ya moto.
Si muujiza. Wastani wake ni mdogo,
na wastani haujawahi kupanda ngazi.
Aliyepanda ngazi ni Okumbe.

Okumbe, fundi wa mawe, alianguka kutoka jukwaani, Pipeline,
ghorofa ya tatu. Daktari akamtia chuma pajani,
kazi safi, nisimvunjie heshima.
Lakini chuma hakijui kutembea.
Siku ya kwanza goti lilikunjika nyuzi thelathini na nane.
Nikaandika.
Wiki ya tatu, hamsini na tano.
Wiki ya tano, hamsini na tatu,
nikaandika hiyo pia, ingawa kidole kilitamani kudanganya.
Alinitukana kwa Kijaluo, nikamjibu kwa Kikamba,
tukaendelea.
Machi, tisini na sita.
Unajua tisini na sita ni nini?
Ni mtu mzima kukaa chooni
bila kushikwa na mkewe.

Mshahara? Utauona, utauzoea.
Vidole gumba vyangu huuma kukinyesha,
na hilo nalo limepimwa: waganga wa viungo
nasi tuna viungo vyetu.

Ila ukitaka nikuambie utafurahi,
sina karatasi ya kukuonyesha.
Hakuna aliyewagawa vijana kwa kura,
nusu wapewe kazi hii, nusu wanyimwe,
akarudi baada ya miaka ishirini kuuliza, Mlilalaje?
Hapo ushahidi unaishia.
Hapo ni wewe na kalamu,
na babako akikohoa chumba cha pili akijifanya amelala.

Andika unachotaka. Au usiandike leo.
Lakini nyoosha huo mguu kwanza,
umeukalia tangu nianze kusema.