Namba ya Taa

Saa moja na robo asubuhi, gatini,
wanaume wanne wa Wuppertal wanashusha mizigo
kama watu wanaohama nyumba:
masanduku ya barafu, fimbo ndani ya mifuko ya ngozi,
soseji, kamera ya kuvaliwa kichwani.
Nawaambia: boti hii ni Bernadette, choo ni ndoo,
atakayetapika atapike upande wa demani.
Detlef, aliyelipa, anacheka.
Mkwewe hacheki.

Tunakizunguka kisiwa kwa mgongoni.
Kisiwa chenyewe ni kondoo thelathini
na nyumba moja isiyo na paa.
Watu wa Mayo husema visiwa vya ghuba hii
ni sawa na siku za mwaka.
Baba alisema, basi hiki ni Jumatatu.

Hapa hapa alivua samoni kwa nyavu
mpaka serikali ikainunua leseni yake
kwa hundi aliyoilaza wiki tatu chini ya kisahani cha siagi.
Kisha akaipaka boti rangi nyeupe, akafunga viti,
akajifunza "karibuni" ya Kijerumani,
akawakodishia wageni bahari ileile
aliyokatazwa yeye.
"Zamani niliuza samaki," alisema.
"Sasa nauza kumtafuta. Kumtafuta ni ghali zaidi."

Kina, mita thelathini na mbili. Nanga imeuma.
Chambo ni kibua mzima, chubwi ni ratili mbili,
halafu kukaa.
Saa ya kwanza: papa mdogo asiyezidi mkono.
Saa ya pili: mvua.
Saa ya tatu mkwe ameikumbatia ndoo,
uso rangi ya jibini,
na sili anatukagua kwa mbali kama mtu wa leseni.

Ndipo fimbo ya Detlef ikainama,
bila kishindo, taratibu,
kama mtu anayeokota funguo.

Taa habishani. Taa hukaa.
Huinyonya sakafu ya bahari kwa tumbo lake lote,
nawe unavuta, unadhani umenasa kisiwa chenyewe,
Jumatatu na kondoo wake.
Dakika hamsini. Detlef alimtaja Mungu,
akamtaja marehemu mkewe, akaomba maji.
Chini, kijani kikaingia kivuli,
kivuli kikaota mabawa,
na lile bapa, pana kama mlango wa banda,
likapanda na mdomo wake
unaofanana na tabasamu, na si tabasamu.

Hapa samaki huyu hauawi.
Ni sheria, na hata bila sheria.
Nikapiga magoti, kitambaa cha maji machoni pake, koleo mkononi.
Kwenye bawa la kulia palikuwa na hereni ya plastiki
yenye ndevu za mwani. Nikaisugua kwa gumba.
Nne, sifuri, saba, saba, moja.

Daftari la sasa halina namba hiyo.
La zamani liko chini ya usukani,
linanuka dizeli na tumbaku.
Jike. Futi tano u nusu. Mei, upepo wa kaskazini.
Na pembeni, kwa kalamu ya risasi,
mwandiko uliolala kama nyasi:
Ana hasira huyu. Nimemsalimu.

Miaka kumi na mitatu.
Mitatu ya mwisho baba ananiita Attracta,
dada yake aliyezikwa kabla sijazaliwa.

"Kuna tatizo?" akauliza Detlef.
Hakuna. Piga picha upesi.
Sikumwambia. Alilipia boti, chambo na chai;
hili halikuwamo kwenye bei.

Tukamtelezesha majini. Hakukimbia.
Alikaa ubavuni kidogo, akapepea mara moja
kama mtu anayekung'uta shuka,
akazimika.

Nimeosha magamba, nimepiga simu kwenye nyumba ya wazee.
Muuguzi akasema, Festus, sikiliza.
Nikamsomea: nne, sifuri, saba, saba, moja.
Kimya. Televisheni ya mtu mwingine ilikuwa inacheka.
Nikarudia, moja moja.
Akakohoa.
"Yule jike," akasema. "Bado ana hasira?"
Kisha akaniuliza mimi ni nani,
na kama nimeshalipwa.