Mizani ya Herufi

Kitabu nilikinunua Posta, juu ya turubai,
kati ya mwongozo wa trekta na Biblia isiyo na jalada.
Elfu nne. Mbaruku akasema, "Chukua, dada,
mwaka mzima hakijapata hata wa kukipangusa vumbi."
Cha karne ya kumi na nane; *s* zake ndefu kama *f*.
Nilikisoma kwa kuchechemea, vuli yote,
nikitoka kukagua vipimo soko la Ilala,
vidole vingali vinanuka dagaa na grisi.

Mwandishi aliamini hivi:
Muumba alipompa Musa maneno
alikunja humo ufundi wote wa ulimwengu,
kama fundi anayeacha ramani ndani ya ukuta.
Lakini sharti Kiebrania kitupu, bila irabu.
Irabu ni inzi, waliotua baadaye juu ya asali.
Fukuza inzi, lamba.
Humo atapata moto, nuru na pepo,
watatu ambao ni mbingu moja,
na habari ya mvuto hakutaka hata kuisikia.

Nilicheka. Kisha Februari ikaingia,
umeme umekatika Tabata nzima,
hewa imenikalia mabegani kama gunia la mchele,
nikasema, huyu bwana huenda aliwahi kulala hapa.

Nikamsimulia Shekue ofisini. Hakuinua kichwa;
nyuma ya fomu ya ukaguzi akaandika:

*Kitu hakivutwi chini, hewa ndiyo hukipanga;*
*utupu haupo ndani, hata nyota zikitanga;*
*moto hutoka juani, huwa nuru, huwa anga,*
*kisha hurudi jikoni, kama nyuki na mzinga.*

Nikahesabu kwa vidole: kumi na sita, kila mshororo.
Mizani ya shairi imetimia.
Ya dunia sina jiwe la kuipimia.

Neno lililonishika lina herufi tatu tu,
kafu, beti, daleti.
Lisome hivi, ni uzito. Lisome vile, ni utukufu.
Ustadhi Kombo wa ghorofa ya chini akaongeza,
"Na kwa Waarabu, kabidi ni ini."
Kesho yake nipo buchani kwa Ngalu,
anapima maini, robo tatu, mshale umesimama vizuri mno.
Nikapitisha mkono chini ya sahani.
Sumaku.
Mvuto alioukana mwandishi kurasa mia nne
Ngalu aliufunga kwa gundi na uzi.

Nikamwandikia faini, nikawaza njia nzima:
na yule bwana naye alibandika nini chini ya herufi?
Lugha yoyote ukiibana sana
itakiri hata ambayo haikutenda.
Nami nilionja dhambi hiyo usiku, sitaficha:
upepo, pepo, peponi, kupepea,
shina moja, matawi yanne, na sikuhitaji Sinai.
Ningeandika juzuu kumi na mbili kabla ya swala ya alfajiri.
Nilichoka. Nikalala kifudifudi nusu,
maana kifudifudi kamili siwezi tena.

Jumanne, kliniki ya Buguruni.
"Panda," akasema muuguzi.
Springi ikaguna, mshale ukatetemeka, ukatua sabini na moja,
nikajua kwa mguno ule kwamba umedanganya.
Yeye anajaza kadi: *Mjamzito. Wiki 31.*
Neno la kila siku, la foleni, la kupishwa kiti,
wala hakuna aliyelichimba mlimani.
Mja. Mzito.
Ndani yake mtu akajigeuza, akanipiga teke la mbavu,
bila irabu.

Nilivaa viatu polepole, nikashika ukingo wa meza.
"Dada, mizani yako inapunja nusu kilo."
Akanitazama. "Kwa hiyo niongeze?"
Ongeza, nikamwambia.
Na kesho nakuja na mawe.