Kipimo cha Bi Somoe

Nilipelekwa Mtwara miezi mitatu
kukagua mizani: ya maghala ya korosho,
ya wauza nyama, ya wauza misumari.
Kwenye mkoba, mawe ya shaba ya serikali.
Mfukoni, posho ya chakula
ambayo ikikunjwa haionekani.

Jioni ya kwanza nilikula pale pale nilipofikia.
Kuku alikuja taarifa ya habari imekwisha,
amejitanda vitunguu kama mgeni rasmi,
na chini ya vitunguu hamna mtu.
Nililala na njaa yenye risiti.

Kesho yake nikauliza.
Mlinzi wa benki: nenda Feri.
Mwuza dawa wa Ligula: popote, ila Feri usiende.
Mhasibu wetu, mtu wa suruali za pasi, akanituma Shangani
kwenye meza zenye vitambaa.
Orodha ya vyakula kurasa nane.
Kila nilipogusa kwa kidole, kijana aliinamisha kichwa:
"Hicho leo hakipo, mkubwa."
Kurasa nane za vitu visivyokuwepo.
Nikala chipsi, kama nchi nzima.

Ndipo nikaacha kusoma mabango, nikaanza kusoma watu.
Saa saba kasoro, Magomeni, nyuma ya duka la vipuri,
bajaji tano zimeegeshwa vibaya
na madereva hawaonekani.
Mtu haachi mkate wake juani bure.
Nikapita uchochoro, nikafuata tui.

Uani: mabenchi mawili, bomba linalovuja ndani ya ndoo,
kalenda ya mwaka juzi.
Bi Somoe hakuniuliza nataka nini.
"Asubuhi umekula?"
Nikasema chai.
"Chai si jibu," akasema, akazidisha.

Ugali wa muhogo, mweupe, unavutika.
Kisamvu kilichotwangwa
hadi kikasahau kuwa kiliwahi kuwa majani.
Pweza wa nazi, yule aliyepigwa vya kutosha
na sasa amesamehe.
Na pembeni, bila kuombwa,
ming'oko mitatu ya moto, chumvi, pilipili.
Mimi mtu wa Makete, nimekuzwa na viazi,
nilidhani mambo ya mizizi nayajua.
Nikamenya mmoja. Nikanyamaza.

Nikarudi kesho. Na kesho yake.
Mwezi wa pili Machupa, dereva wa bajaji ya kijani,
akamnong'oneza kazi yangu.
Vijiko vikasimama.
Bi Somoe akaingia jikoni, akatoka na mizani
anayouzia samaki wabichi wa kupeleka nyumbani,
ameibeba kama anayepeleka mtoto kliniki.
"Haya. Kagua."

Nikaweka jiwe la kilo moja.
Mshale ukapanda, ukasita,
ukagota kwenye gramu mia tisa.
Nikaweka tena. Mia tisa.
"Mama, unapunjika. Kila kilo unayouza
unampa mtu samaki wa juu."
"Tangu lini?"
"Labda tangu uinunue."
Alipepea makaa muda mrefu.
"Na mimi nilikuwa nashangaa," akasema,
"kwa nini wanarudi."

Sheria iko wazi: irekebishwe au ifungiwe.
Nilikuwa na bisibisi mfukoni, dakika tano zingetosha.
"Nikaze?"
Machupa alitazama sahani yake.
Wote walitazama sahani zao.
"Mwanangu," akasema Bi Somoe, "kwanza kula. Inapoa."

Kwenye fomu kuna mstari: *Malalamiko ya wateja.*
Nikaandika: *Hakuna.*
Mstari wa chini yake, *Hatua iliyochukuliwa,*
mpaka leo sijaujaza.

Siku ile ming'oko ilikuwa minne.
Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu.