Kabla ya Ngwara

Ukumbi wetu, hapa Ozurgeti, zamani ulikuwa kiwanda cha chai.
Mvua ikinyesha, kuta hukumbuka:
hutoa harufu ya majani yaliyokaushwa
na ya jasho la watu ambao siku hizi hawana kazi.
Mikeka nimeiunga kwa utepe mweusi.
Dirisha moja limezibwa kwa ubao.
Jiko la kuni linakohoa kuliko mimi.

Watoto kumi na mmoja, miguu mitupu,
mikanda myeupe ikiburura sakafuni kama mikia.
"Mwalimu Tsiala, leo tunapiga ngwara?"
Leo hatupigi ngwara.
"Kesho?"
Kesho pia hatupigi. Tunaanguka.

Kuangusha, nawaambia, kutakuja pamoja na meno ya ukubwani.
Kuangushwa kutakuja kwenyewe, hakuhitaji mwalimu.
Mimi nafundisha kuanguka.
Kidevu kifuani, kama umebana barua ya siri.
Mgongo uwe duara. Mkono uuchape mkeka
kabla mkeka haujakuchapa wewe.
Paa!
Paa!
Vumbi la chai iliyonywewa kabla hawajazaliwa
linapanda, linatua kwenye nywele zao.

Lile ana miaka sita. Huanguka kwa raha
kama aliyelipwa: huanguka akitazamwa,
huanguka asipotazamwa,
huanguka akiwa kwenye foleni ya kuanguka.
Zezva huanguka kwa kelele, eti simba kapigwa risasi.
Ila Tsotne haanguki.
Nimemsukuma kwa kidole, kwa kiganja, kwa maneno matamu.
Husimama kama nguzo ya umeme, macho mlangoni.
Baba yake yuko Polandi, anajengea wengine nyumba.
Bibi yake humsubiri kwenye benchi, akifuma soksi,
naye aliniambia bila kuinua uso:
"Mwache. Nyumbani tumeanguka vya kutosha."

Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Goti langu hili lilivunjika nikiwa na miaka kumi na tisa,
katika fainali ya mkoa, kwa kuwa nilikataa kuanguka.
Kocha wangu alifundisha kushinda tu.
Alifundisha vizuri. Nilishinda.
Tangu siku hiyo ngazi nazipanda kwa mafungu.

Januari, theluji.
Theluji ya huku hupita kama mgeni asiyevua viatu,
lakini safari hii ililala, ikaamka nasi.
Nilitoka ukumbini na mfuko wa machenza,
watoto nyuma yangu wakigombania kofia,
na kwenye kipandio cha tatu
nikala mwereka.
Mwereka mzima! Mikono hewani kama ninaita teksi,
kisogo kikitafuta jiwe.
Machenza yakateremka barabarani.

Kimya.
Kisha Lile, kwa sauti yangu mimi:
"Mwalimu! Kidevu!"
Na Zezva: "Mkono nao haukuchapa!"
Wakacheka hadi mvuke ukawafunika nyuso,
nami nikacheka pale pale chini,
theluji ikiingia kwenye ukosi bila hodi.

Tsotne hakucheka.
Aliokota machenza moja moja,
akayafuta kwa mkono wa koti, akayahesabu.
"Yamepungua mawili," akasema, akanipa mfuko.
Halafu akakitazama kile kipandio.
Akaitazama theluji iliyo chini yake.
Akashusha kidevu.

Siwezi kusema alianguka vizuri.
Alianguka kama kabati linavyoanguka.
Lakini mkono, jamani, mkono ulichapa.

Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni,
soksi moja ikining'inia kwenye sindano,
kisigino chake bado hakijafumwa.
Na mtoto, chali, theluji kwenye nyusi,
akauliza: "Tena?"

Hakuniuliza mimi.