Hayazoleki

Kwetu Ngamiani, Tanga,
ukivunja chungu, ukitoboa siri,
utaambiwa maji yakimwagika hayazoleki.
Nilikuja nayo hiyo mpaka Maskati,
nimeikunja pamoja na vyeti vya ufundi,
na kazi ya kwanza niliyopewa
ikawa ni kuyazoa.

Kituo Namba Tisa kipo bondeni,
nyuma ya magereji ya Wadi Kabir,
kijumba cha zege kisicho na dirisha.
Mji mzima unaoga juu yetu.
Yanateremka yenyewe, hayahitaji kufundishwa:
povu la kufulia, mchuzi wa papa, uji wa mgonjwa,
moshi wa udi uliosuuzwa kwenye nywele,
usiku kucha, gizani, kwa mteremko wa bure
hadi hapa, mteremko unapokwisha
na mbele pana mlima wa jiwe tupu
wa rangi ya chuma kilichoungua.
Upande wa pili ndiko yanakosafishwa.
Basi tunayapandisha.
Mita arubaini na sita, pampu mbili,
moja ikisukuma, moja ikipumzika,
na vali nzito inayofunga mlango nyuma yake
yasije yakabadili nia katikati ya kupanda.

Kwenye kioo cha kiwango nimejifunza kusoma saa.
Kabla ya alfajiri mstari unainuka kidole kimoja:
watu wanatia udhu.
Ijumaa saa tano unapanda kama ngazi.
Ramadhani, dakika ishirini baada ya futari,
unaruka, na Shafiqul husema, "Sambusa hizo, zinawasili."

Harufu? Utaizoea kabla ya mshahara wa pili.
Inayotutia hofu ni ile inayokoma ghafla.
Hewa ile ikizidi huanza kwa kuua pua,
ndipo ikugeukie wewe.
Kwa hiyo kidude hiki cha manjano kifuani
nakitazama kuliko simu ya mke wangu.

Jumanne ile ya mvua
pampu ya pili ilikohoa, ikakaza, ikanyamaza.
Ya kwanza imelazwa sakafuni, mota nje, inasubiri spea.
Boya likanyanyuka. King'ora.
Mita mbili. Mbili na nusu.
Tatu ni barabarani, ni milangoni mwa watu.
Mundhir bin Humaid, msimamizi,
mtu wa Kiarabu cha ofisini na kanzu isiyo kunyanzi,
alishuka ngazi akitukana Kipemba.
Miaka mitatu sikujua.
"Mama'angu kazaliwa Wete. Kamata tochi!"

Tukakata umeme, tukalegeza boliti kumi na mbili.
Shafiqul akatia mkono mpaka begani,
akavuta polepole, amefumba macho,
zikatoka nywele.
Nywele za bandia, ndefu, za arusi labda,
zimejisokota kwenye pangaboi pamoja na soksi ya mtoto
na vitambaa vile vya kufutia
ambavyo paketi yake inaapa vinayeyuka.
Haviyeyuki.

Tukafunga. Mundhir akabonyeza kijani.
Kwanza mtetemo kwenye nyayo,
kisha mngurumo mmoja,
halafu bomba likajaa, likashika njia ya mlimani.
Mbili na nusu. Mbili. Moja na nane.
Akaitazama kanzu yake, akatutazama sisi,
akaniuliza kama Tanga bado watu
wanakula mbaazi za nazi asubuhi.
Tulizungumza mpaka kukapambazuka.
Shafiqul alilala juu ya sanduku la zana,
nywele zile kando yake, ndooni, kama paka.

Ijumaa jioni nilipita barabara kuu kwa miguu.
Pale mipira ya zambarau inaponyunyizia maua
maji yetu, yakiwa yamekwisha kutakata,
familia moja ilikuwa imetandika mkeka kwenye majani,
chupa ya kahawa, halwa, mama anapiga picha.
Mtoto wao alikuwa na soksi moja.

Nikavuka upande wa pili kabla sijacheka.