Ngazi ya Tano

Mlango wa Thirza Setchell ulijengwa usawa wa bustani.
Babu yake alitoka jikoni akakanyaga nyasi, basi.
Leo mlango uko palepale, juu ya nguzo zilizopigwa hadi kwenye mfinyanzi,
ila bustani imeshuka,
na kila kizazi kimemwaga zege:
ngazi moja ya babu, mbili za baba,
ya nne yake mwenyewe, mwaka aliofiwa na mume.

"Nyumba haipandi," aliniambia siku ya kwanza.
"Ni shamba linalokwenda."

Nikachomeka bomba langu la chuma,
nikavuta mche wa udongo mweusi kama masizi ya sufuria,
mwepesi, wenye nyuzi za matete yaliyokufa
kabla hapajawa na mfalme wa kuyatoza kodi.
Yalizama majini, hayakuoza, yakangoja.
Kisha wakaja watu wa mitaro na pampu,
wakatoa maji, wakaingiza hewa,
na hewa ni mlaji asiyenawa.
Bandu bandu. Upana wa kidole kila mwaka,
kiasi kwa upepo wa Machi, kiasi kwa moshi usioonekana.

Mimi mtoto wa Kondoa. Nimekua nikiruka makorongo;
nilidhani ardhi ikiondoka lazima ipige kelele,
ishuke na mvua, ibebe na mbuzi wa mtu.
Hapa Prickwillow inaondoka kimya,
katikati ya saladi zilizonyooka kama mistari ya daftari.
Mali bila daftari, tunasema, hupotea bila habari.
Lakini daftari lipo! Thirza analo, la jalada la kijani:
pauni za viazi, pauni za dizeli, deni la benki,
masanduku yaliyorudishwa kwa sababu ya konokono mmoja.
Safu ya udongo ndiyo haimo.

Nani amlaumu? Saladi hii inalisha miji.
Dorinel na wenzake wameinama tangu saa kumi na moja alfajiri,
visu mkononi, na kwao Botoșani kuna ada za shule.
Ukiniambia zamisha shamba lote, nitakuuliza:
chakula kitatoka kwa nani,
na udongo wa nani utalipa?

Tulikaa usiku mwingi, ramani kati ya vikombe.
Mwishowe aligawa.
Juu saladi ibaki,
lakini ardhi ivishwe shayiri kabla ya baridi, plau ilale ghalani.
Katikati maji yapande, shubiri mbili tu chini ya uso wa shamba;
figili itastahimili, viazi hapana.
Chini kabisa, ekari kumi na moja,
pale jembe lilipogonga mwaloni mweusi uliozikwa na matete,
alizima pampu.

Ukimya ulimwamsha usiku.
"Miaka yote nimelala na ile pampu," alisema.
"Ni kama kufiwa mara ya pili."
Jirani yake, Amos Leeder, akamwambia anafuga mbu.

Mwaka wa kwanza, hasara. Siifichi.
Mwaka wa pili matete, vyura, na deni lilelile.
Kisha Februari moja, ukungu bado umekaa, nikawaona sululu,
sululu ndege, si sululu ya kuchimbia,
watatu, wakidunga tope kwa midomo iliyopinda,
kila mmoja akichukua sampuli kama mimi,
ila wao waliyala majibu papo hapo.

Majibu yangu yalichukua miezi.
Chini, moshi umekaribia kukoma.
Katikati umepungua.
Juu bado tunakula mtaji, polepole kuliko jana,
na Thirza ameliandika hilo, kwa penseli,
katika safu mpya aliyoichora bila rula.

Ghalani, nyuma ya plau, kuna mfuko wa saruji
alioununua kwa ajili ya ngazi ya tano.
Unyevu umeuingia; umeganda na umbo la mfuko.
Jioni Thirza anaukalia
akivua buti.